Daktari, Ng'oa Tu

Dawa ya jino bovu ni kung'oa. Msemo huo ulishatoka kinywani zamani. Siku hizi unausikia bungeni waziri akitakiwa ajiuzulu, unausikia vijiweni kocha akifungwa mechi mbili mfululizo, unausikia hata kwenye vikao vya ukoo. Huko kwenye siasa na mpira sina la kuongeza. Kwenye meno yenyewe msemo umepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini bado ndio unaomwingiza mgonjwa kwa daktari. Anakuja ameshika shavu, hajalala, amemeza kila kidonge kinachouzwa mtaani kwake, na kabla hajaketi vizuri anatoa hukumu: "Dokta, ng'oa tu."

Ukimwambia kwamba jino lake linaweza kubaki, kwamba kuna matibabu ya mzizi, uso unabadilika. Habari zake ameshazisikia. Shemeji yake alimwambia ni maumivu kuliko uchungu wa kuzaa. Jirani yake alirudi kliniki mara nne, akalipa kila safari, na mwisho jino likang'olewa vilevile. Sura hii ni ya mgonjwa huyo, lakini shemeji na jirani nao wasomewe, maana hakuna aliyedanganya. Walichokosa ni mtu wa kuwaeleza kilichotokea ndani ya jino.

Tuanzie huko ndani. Enameli, ule weupe tunaoupiga mswaki, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini yake kuna dentini, na katikati kabisa kuna uwazi uliojaa nyama laini yenye mishipa ya damu, neva na chembe hai zilizolijenga jino tangu utotoni. Hicho ndicho kiini. Hakiishii kwenye sehemu inayoonekana mdomoni. Kinateremka kwenye mizizi kupitia mifereji myembamba hadi nchani, na pale nchani kuna tundu lisilofika milimita moja ambalo ndilo njia kuu ya damu kuingia na kutoka.

Udhaifu wa jino unatokana na ujenzi huo. Ukijikwaa, kidole kinavimba, na baada ya siku chache uvimbe unashuka wenyewe. Kiini cha jino hakina pa kuvimbia. Kimefungiwa kati ya kuta ngumu, na mlango wake ni ule mmoja wa kule chini. Bakteria wakishakifikia kupitia kwenye tundu la jino lililooza, shinikizo linapanda, damu inapita kwa shida, na kiini kinaanza kufa kidogo kidogo. Ukilala, damu inayokwenda kichwani inaongezeka na shinikizo nalo linaongezeka. Ndiyo sababu jino lililovumilika mchana kutwa linakutoa kitandani saa nane za usiku.

Kuna dalili ambazo mtu anaweza kuzipima mwenyewe nyumbani. Maji baridi yakilichoma jino na maumivu yakaisha mara tu unapoyameza, kiini bado kina uhai wa kutosha, na mara nyingi kuziba tundu kunatosha. Maumivu yakibaki nusu dakika, dakika moja, yakapanda mpaka sikioni, mambo yamekwenda mbali. Hatua inayofuata ni ya ajabu kidogo: chai ya moto inaua, ila maji baridi yanatuliza. Mgonjwa wa hatua hii utamjua hata kwenye benchi la kusubiri. Ameshika chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, anapiga funda, analiweka shavuni upande mmoja, anahesabu sekunde, anapiga lingine. Huyo kiini chake hakiponi tena, hata apewe dawa gani.

Halafu kuna ile asubuhi ambayo maumivu yanakoma ghafla. Watu hushukuru Mungu, hurudi kazini, husema dawa imekubali. Kilichotokea ni kwamba neva imekufa na haina tena uwezo wa kulalamika. Bakteria hawajaondoka, wamebaki kwenye mfereji wenye nyama iliyooza na usiofikiwa na damu, kwa hiyo hata askari wa mwili hawaufikii. Wanateremka taratibu hadi kwenye mfupa unaozunguka ncha ya mzizi. Miezi kadhaa baadaye jino linauma ukitafunia, au kipele kinatokea kwenye ufizi, kinapasuka, kinatoa usaha wenye chumvichumvi, kinapona, kinarudi. Wengine hukaa na kipele hicho miaka kwa kuwa hakiumi.

Hapa lazima nigombane kidogo na duka la dawa. Jino linauma, mtu anauziwa amoksilini, pengine na ile ya kutibu amiba juu yake, anamaliza dozi au haimalizi, na wiki tatu baadaye anarudi kununua nyingine. Antibayotiki husafiri kwenye damu. Mahali ambapo damu haifiki, dawa haifiki. Na kama kiini bado kiko hai na kinauma, tatizo lake ni uvimbe na shinikizo, vitu ambavyo antibayotiki haivigusi. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaowataka madaktari wasizitoe dawa hizi kwa maumivu ya kiini kwa mtu mzima mwenye afya njema, pale matibabu ya jino lenyewe yanapopatikana. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala matatizo ya figo, zitakusogeza mpaka asubuhi, na zaidi ya hapo usizitegemee. Antibayotiki zina siku yake: uso umevimba, homa ipo, uvimbe unasambaa. Na uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua, usisubiri kliniki ya meno ifunguliwe. Hiyo ni dharura ya hospitali, tena usiku huohuo.

Na wale "wadudu wa jino"? Imani ya mnyoo anayekula jino ni ya kale mno. Wababeli waliiandika kwenye vibao vya udongo. Mfaransa Pierre Fauchard, kwenye kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza kwamba alimtafuta mnyoo huyo kwa darubini asimwone. Ushahidi uliomaliza ubishi kuhusu kiini ulikuja mwaka 1965, kwa panya. Watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini, wakawaacha wale chakula chao kama kawaida. Panya wa kawaida viini vyao vilioza. Panya waliolelewa tangu kuzaliwa bila kimelea hata kimoja, viini vyao vilijiponya, vikajijengea daraja jipya la dentini juu ya jeraha, japo mabaki ya chakula yalikuwa yamejaa kwenye tundu. Maana yake ni kubwa kwa mgonjwa: jino halifi kwa kutobolewa, linakufa kwa bakteria. Kazi yote ya matibabu ya mzizi ni kuwatoa bakteria na kuwafungia nje.

Sasa uko kwenye kiti.

Kabla ya sindano utapigwa eksirei ndogo ya jino moja. Mionzi yake ni kidogo sana, haizidi sana ile ambayo mwili huipata ardhini na angani kwa siku moja, hata mjamzito hupigwa ikilazimu. Mwambie daktari kama una mimba, presha, kisukari, mzio wa dawa yoyote, au unatumia dawa za kuzuia damu isigande. Usione haya kutaja dawa za mitishamba ulizoweka kwenye jino. Daktari hakucheki, anataka kujua alichokutana nacho.

Kisha ganzi. Kwenye taya la juu inaingia karibu na jino na inashika upesi. Kwenye magego ya chini sindano inapelekwa nyuma kabisa, pale neva inapoingia kwenye mfupa, na ndani ya dakika kumi hivi nusu ya mdomo wa chini inakuwa nzito kama si yako. Hapa ndipo shemeji alipoteseka. Jino lenye kiini kilichowaka ndilo gumu kuliko yote kushika ganzi: mdomo umekufa ganzi kabisa, lakini mashine ikigusa dentini mgonjwa anaruka. Daktari aliyefundishwa vizuri analijua hilo, na ana njia za ziada, kama sindano ya pili pembeni mwa jino, kwenye uzi unaolishikilia mfupani, au ya mwisho kabisa ndani ya kiini chenyewe. Hii ya mwisho inauma kwa sekunde chache kisha kila kitu kinazimika. Kwa hiyo mkubaliane ishara kabla hajaanza. Mkono wa kushoto juu, anasimama. Anayekwambia "vumilia kidogo" kwa nusu saa nzima hajamaliza kazi yake ya ganzi, na una haki ya kumwambia hivyo, kwa heshima.

Baada ya ganzi kushika, sehemu kubwa ya matibabu inachosha tu. Mdomo wazi saa nzima, taya linachoka, huwezi kuzungumza. Jino la mbele lenye mfereji mmoja huisha kwa mkao mmoja. Gego linaweza kutaka saa moja na nusu, au mikao miwili.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni kitambaa chembamba cha mpira, kimetobolewa katikati, kinavalishwa kwenye jino kwa kibanio na kutandazwa mbele ya mdomo, jino lichomoze peke yake. Sanford Barnum wa New York alikibuni mwaka 1864. Wagonjwa wengine hukiogopa, wanadhani watakosa hewa. Unapumua kwa pua, kitambaa hakizibi kitu. Kinazuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye mfereji unaosafishwa, na kinazuia visindano na dawa visianguke kooni. Kama kliniki haikitumii, uliza kwa nini. Katika maswali yote unayoweza kumuuliza daktari wa meno, hili ndilo linalokuonyesha mengi kwa muda mfupi.

Daktari anatoboa paa la jino kwa mashine, anaufikia uwazi wa kiini, anaanza kutafuta midomo ya mifereji. Hapo kelele zinaisha na kazi ya vidole inaanza. Vyombo vyake vinaitwa faili: visindano vyenye meno madogo pembeni na mpini wa plastiki wa rangi. Namba 10, ya zambarau, ncha yake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo inayotangulia kupapasa njia. Nyeupe ni namba 15, ya njano 20, nyekundu 25, na kadhalika, kila moja ikiipanua njia kidogo kuliko iliyotangulia. Faili ya kwanza kabisa ya namna hii inahesabiwa kuwa ile ambayo Edward Maynard wa Washington aliichonga mwaka 1838 kutoka kwenye springi ya saa. Mtu huyohuyo alibuni pia vifaa vya bunduki. Sijui wagonjwa wake walimwogopa kwa lipi. Nyingi za leo zinazozungushwa na mashine ni za mchanganyiko wa nikeli na titani, chuma kinachokunjika kufuata kona za mzizi bila kukataa. Hata hivyo faili huweza kukatika ndani. Ikitokea, daktari anapaswa kukwambia siku hiyohiyo. Mara nyingi jino halipotei kwa hilo, hasa kama mfereji ulikuwa umeshasafishwa.

Utasikia pia kifaa kidogo kikilia, "ti, ti, ti," kwa kasi inayoongezeka. Kimeunganishwa kwenye faili na kwenye waya uliotundikwa mdomoni mwako. Kinapima umeme kidogo usiousikia na kumjulisha daktari amefika wapi karibu na ncha ya mzizi. Akiishia mbali na ncha anaacha uchafu, akipitiliza anachoma mfupa. Analenga kusimama nusu milimita hadi milimita moja kabla ya ncha.

Faili peke yake haisafishi. Mifereji ina kona, vichochoro na matawi ambayo chuma hakiyafikii, na ndiyo maana kila baada ya faili anamwagilia dawa yenye harufu ambayo kila mfua nguo ataitambua. Ni hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo kwenye Jik, kwa kiwango kilichopimwa, kati ya nusu asilimia na asilimia 6. Inaua bakteria na kuyeyusha nyama iliyokufa. Msomaji asije akaijaribu nyumbani. Ikipita nje ya mzizi inaunguza vibaya, na hata kliniki huitumia kwa sindano isiyo na ncha kali na kwa mkono mwepesi.

Kuhusu kule kutafuta mifereji, hapa ndipo palipo na kisa cha jirani. Meno ya mbele huwa na mfereji mmoja. Magego ya chini huwa na mitatu, wakati mwingine minne. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na vitabu vya zamani viliridhika na mifereji mitatu. Lakini kwa zaidi ya nusu ya watu mzizi wake wa mbele, upande wa shavuni, una mfereji wa pili uliojificha, mwembamba, mdomo wake ukiwa umefunikwa na dentini. Daktari akisafisha mitatu na kuuacha wa nne, bakteria wake wanabaki na makazi, na jino linaendelea kumsumbua mwenyewe huku eksirei ikionekana safi. Kuupata kunataka mwanga mzuri, miwani ya kukuza au darubini, na subira. Jino la namna hii linaweza kufunguliwa upya na kutibiwa tena, na mara nyingi linapona. Jirani hakuambiwa hivyo.

Kama usaha ulikuwa mwingi au muda umekwisha, daktari anajaza mfereji dawa nyeupe na kukurudisha baada ya wiki moja au mbili. Ni haidroksidi ya kalsiamu, ambayo Mjerumani Hermann aliiingiza kwenye udaktari wa meno mwaka 1920. Kwa kemia yake ni chokaa iliyozimwa, ileile iliyojenga nyumba za mawe za Lamu na Unguja, ileile wala tambuu wanayoipaka kwenye jani. Ukali wake ni wa aina ambayo bakteria wengi hawaustahimili.

Na juu ya tundu kunawekwa kizibo cha muda. Harufu inayokukaribisha kwenye kliniki nyingi za meno inatoka humo: karafuu. Aliyeweka punje ya karafuu kwenye jino usiku hakuwa mjinga hata kidogo. Mafuta yake yana eujenoli, inayotuliza neva, na madaktari wa meno wamekuwa wakiichanganya na unga wa zinki oksidi tangu karne ya 19, kwa vizibo vya muda na kwa gundi ya kujazia mizizi. Wapemba wamekuwa wakiupelekea udaktari wa meno malighafi yake bila wenyewe kutajwa popote. Isipokuwa karafuu inatuliza tu. Bakteria wa ndani kabisa haiwamalizi.

Mfereji ukishakuwa safi na mkavu, unajazwa. Kijazio ni vijiti vyembamba vya rangi ya waridi vya gatapacha, utomvu wa miti ya Malaya na visiwa vya Indonesia, ambao hulainika kwa joto na hausumbui mwili. Ulianza kutumika ndani ya mizizi mwaka 1867. Utomvu huo ulishapita Zanzibar kwa njia nyingine: waya wa simu za maandishi uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, ukapita Zanzibar kuelekea Msumbiji na Durban, ulikuwa umefunikwa kwa gatapacha ili maji ya chumvi yasiingie. Kwenye mzizi wa jino inafanya kazi hiyohiyo ya kuzuia majimaji yasipenye. Kijiti cha leo kina sehemu moja kati ya tano tu ya utomvu wenyewe. Kilichobaki zaidi ni zinki oksidi, pamoja na kitu cha kuonekana kwenye eksirei.

Ganzi itakwisha baada ya saa mbili hadi nne. Usile mpaka iishe, utajing'ata ulimi. Kwa siku mbili tatu jino litauma ukiligusa au ukitafunia, kwa sababu tishu za kuzunguka ncha zimeguswaguswa. Ibuprofeni au panadoli inatosha kwa walio wengi. Wachache huvimba au kuumwa sana siku ya pili. Hao warudi, wasikae nyumbani wakisema ndivyo walivyoambiwa na shemeji. Kuna pia jambo la rangi: jino lililokufa huweza kuwa na weusi mwaka hadi mwaka, na kwenye meno ya mbele hilo lina tiba yake ya kulifanya jeupe kutoka ndani.

Maumivu yameisha, mgonjwa anafurahi. Hapa ndipo meno mengi yanapopotea.

Kile kizibo cha muda kimetengenezwa kwa ajili ya wiki chache. Kinapoachwa miezi, kinachakaa pembeni, mate yanapenya, na bakteria wanarudi kwenye mfereji uliosafishwa kwa gharama kubwa. Si hivyo tu. Jino lililooza, likatobolewa, likapanuliwa, limebaki na kuta nyembamba. Gego hubeba nguvu zote za taya. Mfupa mmoja kwenye pilau, punje moja ya mahindi ya kuchoma, na ukuta unapasuka hadi kwenye mzizi. Mpasuko wa mzizi hauna tiba. Kwa hiyo gego lililotibiwa linahitaji krauni, kofia inayolizunguka jino lote na kulishika pamoja. Meno ya mbele mara nyingi hayaihitaji. Kuziba vizuri kunatosha.

Huu si ushauri wa kuongeza bili. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa kumbukumbu za bima ya meno nchini Marekani, uliofuatilia meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mizizi. Baada ya miaka minane asilimia 97 ya meno hayo yalikuwa bado mdomoni. Watafiti walipoyaangalia yale yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na krauni. Hesabu hiyo ni ya watu wenye bima katika nchi tajiri, na sitaki kuihamishia Mbeya au Mombasa kama ilivyo. Ila nguvu za taya ni zilezile popote.

Kwa hiyo piga hesabu yote kabla ya kuanza. Uliza bei ya matibabu ya mzizi na bei ya krauni kwa pamoja, uliza bima yako inalipa kipi na haitalipa kipi, kisha uamue. Matibabu haya ni ghali kwa sababu yanakula muda wa daktari, yanakula faili zisizodumu, na yanataka picha zaidi ya moja. Kama fedha ya krauni haionekani hata kwa miezi ijayo, zungumza na daktari waziwazi. Kuna vijazio imara vinavyoweza kulifunika gego kwa muda mrefu kuliko kizibo cha muda, japo si sawa na krauni. Ninavyoona mimi, kung'oa kwa uamuzi ulioeleweka ni bora kuliko kuanza na kuacha nusu. Anayeacha nusu analipia matibabu leo na kung'oa mwakani.

Yapo pia meno ambayo kuyang'ang'ania ni kupoteza fedha hata kwa mwenye nazo: lililopasuka hadi mzizini, lililooza likabaki kisiki chini ya ufizi, linalotikisika kwa sababu mfupa umeliwa na ugonjwa wa fizi, au gego la mwisho lisilokutana na mwenzake. Hayo tuyang'oe bila majuto. Mengine yote, pengo lina gharama ambayo haionekani siku ya kwanza. Meno ya jirani huanza kuegemea upande wa nafasi, la juu hushuka kufuata mwenzake aliyeondoka, chakula kinakwama, na tundu jingine linaanza pembeni.

Gego linalong'olewa bila sababu kuliko yote ni gego la kwanza la kudumu. Linaota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi hudhani ni la utoto, litatoka, halipigwi mswaki sawasawa, na mtoto akifika darasa la saba limeshatoboka hadi kwenye kiini. Ni jino la kutafunia kwa miaka sabini. Kama lingezibwa mapema lisingefika huku, na si lazima kwa mashine: katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno, bila umeme wala maji ya bomba. Njia hiyo sasa inatumika duniani kote.

Nimalize na woga wa mwisho, unaozunguka kwenye simu za watu: kwamba jino lililotibiwa mzizi ni maiti inayoleta saratani na magonjwa ya moyo. Wazo hilo lina historia. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alitoa hotuba Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akishambulia krauni na madaraja ya dhahabu yaliyojengwa juu ya meno yenye usaha. Kwa kazi mbovu aliyoiona alikuwa na haki. Lakini wenzake waliligeuza kuwa fundisho, na kwa miongo kadhaa watu wakang'olewa meno mazima ili watibiwe viungo, tumbo, hata akili. Magonjwa hayakuondoka na meno, na kufikia katikati ya karne fundisho likaachwa. Filamu iliyolifufua ilitoka mwaka 2018. Netflix iliiondoa mwaka 2019 baada ya madaktari kulalamika. Chenye hatari mwilini ni usaha uliobaki kwenye mfupa, nao ndio unaotolewa na matibabu haya.

Siku ya mwisho, mdomo ukiwa bado mzito kwa ganzi, usitoke kabla hujapangiwa tarehe ya krauni, na omba nakala ya eksirei zako zote mbili, ya kabla na ya baada, hata kama ni za kupigwa picha na simu. Rudi upigwe nyingine baada ya mwaka. Mfupa uliokuwa na usaha hujijaza taratibu, mara nyingine kwa miaka kadhaa, na bila picha ya mwanzo hakuna daktari atakayejua kama kivuli anachokiona kinapungua au kinakua.